Anaandika amejikunja: mpira mkubwa utamsaidia?

SWALI: Mtoto wangu ana miaka 5. Akiandika, mgongo unapinda kama upinde na pua inakaribia kugusa daftari. Baba yake ana mpira wa mazoezi wa sentimita 65. Nimkalishe juu yake jioni nzima akifanya kazi za shule? (Mama wa Katindo, Goma)

JIBU: Hapana, Mama. Si jioni nzima, na si mpira huo.

Mpira haunyooshi mgongo. Unayumba, na misuli ya tumbo na mgongo inalazimika kumrudisha mtoto katikati kila mara. Misuli ya umri huo huchoka upesi, na ikichoka atajikunja kuliko alivyokuwa kitini. Dakika 5, mara 2 kwa siku, zinatosha.

Sentimita 65 ni za mtu mzima. Miguu ya mtoto itaning'inia. Kuupunguza upepo hakusaidii: unakuwa kama gunia lililojaa nusu, makalio yanazama, nyonga zinalalia nyuma, na mgongo unapinda palepale. Tafuta wa sentimita 30 hadi 35. Akiukalia, nyayo zote zikanyage chini na mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Wakati wa kuujaza, chora alama ya chaki ukutani kwenye kipimo cha mpira kutoka sakafuni, usogeze mpira hapo, laza ubao juu yake. Ubao ukifika kwenye alama, acha kupiga pampu.

Uani, kwenye mawe ya volkano, usithubutu. Hata ndani fagia vizuri kwanza: kijiwe kimoja cheusi kilichoingia na viatu kinatosha kuutoboa. Mtoto awe peku, kwenye zulia lisiloteleza, mbali na kona za meza.

Mshike nyongani, kamwe si mikononi. Ukimshika mikono ataning'inia kwako na misuli yake haitafanya kazi. Aanze kwa kudundadunda taratibu mara 20, nyayo zisiachie sakafu. Kisha weka vizibo 10 vya soda kulia kwake na bakuli kushoto: achukue kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, auvushe mbele ya kifua, akidondoshe bakulini. Halafu geuza upande. Zoezi hili ndilo lenye faida kubwa, maana kiwiliwili kinajizungusha huku kikijishikilia. Mabega yakipanda masikioni, akibana pumzi au makalio yakiteleza mbele, amechoka, mshushe.

Kuandika aandikie kwenye kiti cha kawaida, miguu juu ya kiboksi kigumu, meza ikilingana na viwiko.

Ile pua kwenye daftari inatutia wasiwasi zaidi kuliko mgongo. Mpeleke apimwe macho kwanza. Tena mvue shati, ainame mbele mikono ikining'inia, umtazame kwa nyuma: upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, au akiwa anaangukaanguka, anatembelea vidole au analalamika maumivu usiku, acha mpira na umwone daktari.