Amotisere ni mpya, na gari bado inalia chini

SWALI: Fundi jambo. Niko na RAV4 ya zamani, naishi Himbi, hapa Goma. Tangu mwezi uliopita inalia chini, mbele upande wa kuume, kong kong kong nikipita kwenye mawe. Na siku zingine hata nikisimama tu nangojea wafungue geti, moteri inatembea, kitu kinatetemeka kule chini kama sahani ya bati. Walishanibadilishia amotisere mbili za mbele, zile za kupokea mishtuko ya barabara, nikalipa, kelele ikabaki vilevile. Sasa wanasema ninunue kremayeri. Ninunue?

JIBU: Pole mama. Kremayeri, ile ya kupeleka mzunguko wa volani (usukani) kwenye magurudumu, usinunue kwanza, juu ukisoma vizuri vile umeandika, kelele ziko mbili. Gari imesimama kwenye geti, amotisere haipandi haishuki, italizwa na nini? Kila moja tuiulize peke yake.

Ile ya sahani ni rahisi. Juu ya bomba ya eshapema, ile ya kutoa moshi, kuko kibati chembamba cha kukinga joto, kimefungwa na vibulo (bolti) vidogo, na kutu ikishakula ile fasi ya bulo kinabaki kinaning'inia, moteri ikitetemeka na chenyewe kinacheza. Asubuhi kabla hujawasha, bomba ikiwa baridi kabisa, inama uigonge polepole na ngumi toka mbele mpaka nyuma, ukisikia cheng cheng ileile umeipata. Kolye moja ya chuma, ile ndefu ya kukaza mipira, unaizungusha kwenye bomba pamoja na kibati, unakaza, kwisha. Mtu akikuambia tukitoe tukitupe, kataa, hapo juu yake ni sakafu ya gari na waya.

Ya mawe sasa, hapa njo pesa ya watu inapoteaga. Tafuta dodani moja, lile tuta la barabarani, pita polepole magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja, sikiliza. Kisha rudi upite kwa pembeni, gurudumu moja tu lipande. Ikinyamaza kwa mawili na kulia sana kwa moja, mimi ningeshika biyeleti, vile vyuma vifupi vya kuunganisha bare stabilizatrisi (fimbo ya chuma kati ya upande wa kushoto na wa kuume), mbele ya kitu kingine chote, sababu ile bare inafanya kazi upande mmoja ukipanda na mwingine ukibaki chini, na barabara zetu za mawe ya volkano, tangu lava ya 2002 ipite mjini, gari inatembea hivyo kutwa nzima, huku juu huku chini. Gari ikiwa imekaa kwenye magurudumu yake, shika biyeleti na mkono uitingishe kwa nguvu: ikicheza kwenye kichwa, ao kampira kake kamepasuka grisi imetoka nje, imekufa. Badilisha mbili, kushoto na kuume, bado utakuwa mbali sana na bei ya kremayeri.

Ikilia namna zote mbili, fungua kapo ya moteri, weka kiganja juu ya kichwa cha amotisere, pale inaposhikwa na bodi ya gari, mtu mwingine akandamize ile kona ya gari. Mafundi wengi wanaweka amotisere mpya na kurudisha kichwa kilekile cha zamani, ao ekuru (nati) ya juu haikukazwa, na hiyo inagonga vibaya sana. Kichwa kikiwa kizuri, tunashuka kwenye silambloki (mipira ya kwenye maungio) za bra, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu chini, na rotile, lile ungo la mviringo la mwisho wa bra. Rotile usifanye nayo mchezo, ikichomoka gurudumu linalala na volani haina kazi tena. Hapo gari inyanyuliwe kwenye shandeli, zile nguzo za chuma za kusimamishia gari, siyo kriki (jeki) peke yake, hata fundi akikuambia ni dakika mbili tu.

Kremayeri yenyewe: gari imesimama, mtu atikise volani kidogo kidogo kushoto kuume. Ikiwa njo yenye kosa utaisikia inagonga na mikono itaihisi kwenye volani. Volani ikitulia, iache.

Halafu mama, usinicheke, fungua kofre ya nyuma uangalie kriki imefungwa ao inarukaruka. Mimi na miaka yangu yote nilishalala chini ya gari ya mteja nusu siku nzima natafuta kong kong ya nyuma, mtoto wake akaja kuchukua mpira wake, akanyanyua kriki akaniuliza, fundi, hii ni ya wapi?