Nilivyomzuia Mbwa Wangu Kutoroka Uani, Igombe

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayejenga Buhongwa, hapa Mwanza. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akaeleza kwamba amepata mbwa wawili wa kulinda kiwanja na vifaa vyake vya ujenzi, kwamba wote wawili hutoroka usiku, na kwamba fundi wake amemshauri aongeze kozi za ukuta, yaani safu za matofali. Swali lake lilikuwa fupi: "Ukuta uwe wa kozi ngapi ili mbwa asiruke?"

Marahaba, mwanangu. Nimeona nikujibu mbele ya wasomaji wote, kwa sababu najua wengi wenu mko katika safari ileile ya kupata kiwanja, kusimamisha boma, kuzungushia ukuta na kufuga mbwa wa ulinzi. Swali lako ndilo lililonigharimu miaka miwili, mifuko ya saruji ambayo sipendi kuihesabu, na ujirani ambao mpaka leo haujarudi wote. Leo naandika nikiwa na miezi 9 kamili tangu mbwa wangu atoke uani bila ruhusa, na sioni aibu kusema kwamba ninajivunia miezi hiyo.

Mbwa wangu anaitwa Shaba kwa ajili ya rangi yake. Nilimchukua akiwa mdogo, mwaka niliostaafu kufundisha, nilipohamia katika nyumba yangu mwenyewe hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, baada ya kupanga mjini kwa muda mrefu. Nyumba iko kwenye mteremko, juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofika na samaki kushushwa, na yeyote aliyewahi kujenga Mwanza anajua maana ya mteremko: majabali. Kona ya kaskazini ya kiwanja changu ina jabali kubwa ambalo fundi alisema kulipasua kungekuwa na gharama kubwa kuliko kupitisha ukuta pembeni yake. Tukapitisha. Nilijenga ukuta wa kozi 7, nikauona mzuri, wala sikutambua kwamba nilikuwa nimemwachia mbwa ngazi ndani ya uwanja.

Shaba aliitumia ngazi hiyo alipotimiza mwaka mmoja. Nilimkuta asubuhi amesimama nje ya geti akisubiri kufunguliwa, tumbo limejaa na mdomo unanuka samaki. Nilimwita fundi, tukapandisha upande ule hadi kozi 10. Alitulia kwa siku chache, kisha akaanza kuchimba. Mvua za masika zilikuwa zimeshachukua udongo chini ya ukuta upande wa bondeni, kama zinavyofanya kwenye viwanja vyote vya mlimani, hivyo kazi yake ilikuwa ndogo. Nikajaza mawe na zege. Akajifunza kupita kwenye nafasi iliyokuwa chini ya geti, nami nikaweka bati. Kila nilipoziba mahali nilimwambia mke wangu kwamba sasa yamekwisha, na kila nilipomwambia hivyo Shaba alinionyesha mahali pengine.

Kosa lililofuata linaniuma hadi leo. Kwa ushauri wa watu, nilipanga vipande vya chupa juu ya ukuta wote, kama tunavyofanya kwa ajili ya wezi. Mbwa hajui kusoma hatari ya aina hiyo. Usiku wa tatu aliruka, akajichana chini ya tumbo na kwenye miguu miwili, akarudi nyumbani kwa njia ileile akijichana mara ya pili. Daktari wa mifugo alimshona nikiwa nimemshika kichwa, naye alinitazama muda wote bila kunguruma. Nilivunja vipande vile vyote kwa nyundo siku iliyofuata, kwa mkono wangu. Ninawaomba msiweke chupa juu ya ukuta wenye mbwa ndani yake.

Baada ya hapo nilimfunga mnyororo. Alibweka usiku kucha, shingo ikatoka vidonda, na alipofunguliwa alikuwa mkali kwa watoto kuliko alivyokuwa kabla. Mnyororo una hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii: mbwa aliyefungwa karibu na ukuta anaweza kuruka upande wa pili na kubaki ananing'inia kwa shingo hadi afe. Nilimhasi pia, na hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu safari zake za usiku wa manane za kutafuta majike zilipungua polepole. Kama una dume, mhasi. Kama una jike, ujue kwamba joto lake, yaani kipindi cha kutaka dume, hudumu takriban wiki tatu, na katika wiki hizo madume ya mtaa mzima yatakuwa nje ya ukuta wako, hivyo mfungie ndani kabisa au umfanyie upasuaji wa kuzuia uzazi. Hata hivyo, Shaba aliendelea kutoroka alfajiri.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ningependa kuisahau. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 9, alimkuta Shaba kwenye dagaa walioanikwa mchangani akamfukuza kwa fimbo, naye Shaba akamng'ata mguuni. Namshukuru Mungu kwamba mama mmoja aliyekuwapo alijua la kufanya: aliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda mrefu, kisha tukampeleka mtoto kupata chanjo siku hiyohiyo. Nililipa gharama zote. Nilikuwa na cheti cha chanjo ya Shaba, na tulimfungia chini ya uangalizi kwa siku 10 bila dalili yoyote kuonekana. Mtoto alipona, na sasa ananisalimia njiani.

Watu wazima ndio ambao hawakupona. Katika kikao cha mtaa nilidaiwa sado 6 (ndoo ndogo za kupimia) za dagaa, nikazilipa bila kubishana kwa sababu lilikuwa deni la haki. Lakini jirani mmoja alisimama mbele ya watu akasema kwamba mwalimu aliyefundisha watoto wa wenzake nidhamu kwa zaidi ya miaka 30 ameshindwa kumfundisha mbwa mmoja, na watu wakacheka. Nimemsamehe, nadhani. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikipita njia ya juu kwenda dukani.

Usiku wa kikao hicho nilichukua daftari na kufanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilichora safu nne: tarehe, saa aliyotoroka, mahali alipopitia, na hali aliyorudi nayo. Kwa wiki kadhaa niliandika kila siku bila kuruka, hata siku ambazo hakutoka. Mwishoni mwa mwezi niliona jambo la ajabu. Alitoroka mfululizo, karibu kila alfajiri, kisha zikaja siku 9 ambazo alilala uani kama mbwa wa picha, halafu akaanza tena. Siku zile 9 nilidhani ni matunda ya zege jipya nililokuwa nimeweka, na nilikuwa nimeshajisifu kwa fundi. Mwezi uliofuata mambo yakawa yaleyale.

Nililipeleka daftari kwa yule mama aliyemwosha mtoto jeraha, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa mwaloni, nikamwomba anisaidie kufikiri. Aliweka kidole kwenye zile siku tupu akasema, "Mwalimu, hizo ndizo siku ambazo na sisi hatuna kazi."

Nimeishi kando ya ziwa hili karibu maisha yangu yote na sikuwa nimeliona. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, kisha nyavu hutupwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauwavuti tena, hivyo mitumbwi hukaa nchi kavu hadi giza lirudi. Wakati wa giza mitumbwi hufika alfajiri, ndoo zinapokewa, dagaa wanatandazwa, na kwa muda mfupi kila mtu anashughulika na mzigo unaoshuka huku ule uliokwisha kutandazwa hauna mlinzi. Harufu inapanda mteremko moja kwa moja hadi kwangu. Shaba alikuwa na miadi, na mimi nilikuwa nikiongeza kozi.

Nilipojua hivyo, mambo mengi yalirahisika. Wakati wa giza, Shaba hulala bandani, na banda hufungwa saa 2 usiku. Saa 11 alfajiri ninamtoa mwenyewe kwa kamba, tunapanda kilimani upande usio wa mwalo kwa karibu saa moja, na tukirudi anakuta chakula chake tayari: ugali uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Mzigo unapotandazwa mwaloni yeye ameshiba, amechoka na amelala. Katika siku za mbalamwezi namwacha huru uani usiku kucha, na anafanya kazi yake ya ulinzi vizuri sana.

Ukuta nao nimeurekebisha, lakini kwa akili badala ya urefu. Juu ya jabali nimesimamisha nondo zilizopindwa kuelekea ndani na kuzifunga wavu, kwa sababu mbwa anayepanda hukwama anapokuta kitu kinachomwinamia kichwani. Chini ya ukuta upande wa bondeni nimechimba mtaro wa kina cha futi moja, nikapanga mawe na kumwaga zege, na kila mvua kubwa ikiisha ninauzunguka kutazama mahali ambapo maji yamechimba. Nimeondoa mapipa, mbao na kila kitu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Geti dogo lina komeo la juu na la chini, na ndani yake kuna kigeti cha pili cha wavu, ili mgeni anapoingia mbwa asichomoke miguuni mwake.

Jambo jingine ni radi. Dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri, hasa msimu wa vuli, na mbwa mwenye hofu anaweza kuruka ukuta ambao siku nyingine hathubutu kuuruka. Mpe mahali penye paa na kuta pa kujificha. Fanya vivyo hivyo usiku wa mwaka mpya, fataki zinapolia.

Ndugu zangu, niseme waziwazi jambo ambalo wengi hamtalipenda. Katika nyumba nyingi mbwa hula baada ya kila mtu, anakula makoko na maji ya ugali, na siku ambazo hakuna mabaki halishwi kabisa. Kisha tunashangaa kwamba anatoka. Mbwa wa namna hiyo hatoroki. Anakwenda kujitafutia riziki kwa sababu mwenye nyumba amekataa kumpa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo. Nilikuwa tayari kununua mfuko wa saruji kila mwezi lakini sikuwa tayari kununua sado moja ya dagaa kwa ajili ya mbwa aliyekuwa akinilinda. Anayefuga mbwa amlishe kila siku, kwa saa inayojulikana, na amtembeze, kwa sababu uwanja hata ukiwa mkubwa kiasi gani humchosha mbwa kwa upweke, wala haumchoshi kwa mazoezi.

Chanjo nayo isiwe jambo la mjadala. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka, hata kama unaamini kwamba hatoki. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo afike kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua. Ningekuwa sina kile cheti siku ile, sijui ningemtazama vipi mama wa yule mtoto.

Sasa nikujibu, kijana wangu wa Buhongwa. Huko hakuna mwalo, hivyo mbwa wako wana miadi ya aina nyingine: inaweza kuwa bucha, jalala, genge la chakula karibu na stendi, au jike la jirani. Chukua daftari la kurasa 40, chora safu nne kama nilivyokuambia, na uandike kwa siku 60, kwa sababu siku 30 zilinidanganya. Mfuate mmoja wao asubuhi moja ujue anakokwenda. Wakati unaandika, wafungie bandani usiku na uwalishe kabla ya giza kuingia. Ukuta wa kozi 8 unatosha kwa mbwa wengi wa kawaida endapo hakuna kitu cha kukanyagia karibu nao, kwa hiyo mwambie fundi asiagize matofali mengine kwa sasa. Ukimaliza hizo siku 60, nitumie picha ya kurasa zenyewe, nami nitazisoma mstari kwa mstari kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la saba.