Kabla hujalipa hicho kianzio cha kupandikizwa nywele Istanbul, omba picha ya kisogo

Mkuu, usilipe Ijumaa. Nimesoma uzi wako nikiwa kituo cha mwendokasi Kimara, mabasi mawili yamenipita naandika kwa kidole gumba.

Umesema una miaka 29, mbele kumerudi nyuma, utosini kumeanza kung'aa, dalali amekutumia ofa ya kupandikizwa nywele Istanbul: grafti (vifungu vya nywele vya kuhamishwa) 4,500 kwa siku moja, hoteli, gari la kukupokea uwanjani, dola 2,300, na unataka uwe na nywele kwenye harusi yako Desemba. Ukauliza kama bei ni halali, uende mwezi gani, uombe likizo ya siku ngapi, na kati ya FUE na DHI, zile mbinu mbili za kuhamisha nywele, ipi bora. Mimi mwaka 2021 nilitumiwa ofa hiyo hiyo, karibu neno kwa neno. Hata ile mikono miwili ya kuomba mwisho wa ujumbe ilikuwepo.

Kosa langu halikuwa kwenda Istanbul. Kule kuna madaktari wa nywele wazuri sana, na nawajua watu waliorudi wanapendeza. Kosa langu ni kwamba wiki tatu nzima niliangalia picha za mbele tu. Mapaji ya uso. Kabla na baada, kabla na baada, mpaka nikawa naota mapaji ya uso ya watu nisiowajua. Sikuomba kuona kisogo hata kimoja. Gari la Japani unaomba picha ya chesisi, ya tairi la akiba, ya chini kabisa kwenye kutu, halafu kichwa chako mwenyewe unauziwa kwa picha ya boneti!

Sasa nikueleze kwa nini kisogo, maana dalali hatakueleza. Nywele hazioteshwi pale, zinahamishwa. Zinachukuliwa kisogoni na pembeni kwa sababu nywele za huko zimezaliwa sugu, homoni inayoua za mbele haiziwezi, na zikihamishwa zinahama na usugu wao. Daktari Norman Orentreich wa New York aliliandika hilo mwaka 1959 na biashara yote hii imesimama juu yake. Lakini pale zilipong'olewa haziroti... haziOTI (samahani, kidole gumba) tena. Ni muhogo unaong'oa bila kubakiza mti wa kupanda.

Piga hesabu. Kisogo chenye nywele kama zetu kina takriban vifungu 60 vya nywele kwa kila sentimita moja ya mraba. Kila kifungu ndiyo grafti moja, kina nywele moja hadi tatu au nne. Eneo la kuvuna ni kama sentimita 200 za mraba. Jumla 12,000 hivi. Ukishavuna theluthi unakaribia mpaka, ukifika nusu watu wanaiona ngozi bila kuitafuta. Kwa hiyo mtu anayekuahidi 4,500 kwa siku moja anachukua karibu akiba yako ya maisha, wakati una miaka 29 na upara wako bado uko safarini. Ukiwa na 40 utosi umeondoka wote, utaenda kuvuna wapi? Kwenye ndevu?

Na hapo bado hatujafika kwenye nywele za kipilipili. Mzizi wa nywele ya Mturuki unashuka chini ukiwa umenyooka. Wetu umepinda ndani ya ngozi kama mundu, na kwa juu huwezi kuona unaelekea wapi. Anayetoboa akinyoosha moja kwa moja kama alivyozoea, anaukata katikati. Grafti iliyokatwa ukiipanda mbele huenda isiote, na kisogoni pia umeshaipoteza. Daktari anayezijua nywele zetu hutumia kitoboleo kipana kidogo, anaanza na chache za majaribio, anaziangalia kwenye kioo cha kukuza, akiona zinakatika anabadilisha mwelekeo au anakwambia siwezi. Mimi sikujaribiwa hata moja.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Daktari aliingia, mzee nadhifu, akanichorea mstari kwa kalamu, akapiga picha na mimi (nimetabasamu, mjinga mimi), akatoka. Kwa saa ya ukutani, dakika sita. Sikumwona tena. Wakaingia vijana watatu. Ganzi ikachomwa, hiyo nakiri ndiyo sehemu pekee inayouma kweli, halafu nikalazwa kifudifudi na mashine ikaanza kulia. Kwa muda wa saa saba na nusu wakipokezana. Mmoja alikuwa akila karanga. Mkalimani aliondoka mchana kwenda kula, na nilipouliza kwa Kiingereza "are they OK?" kijana akanijibu "very good, brother", ambayo nadhani ndiyo maneno yote ya Kiingereza aliyokuwa nayo. Chama cha kimataifa cha madaktari wa nywele, ISHRS, kinapiga kelele miaka yote kuhusu kliniki ambazo daktari ni wa picha na kazi inafanywa na mafundi. Nilikuja kulisoma hilo baadaye. Baadaye ndiyo muda ambao sisi wote husoma.

Jambo jingine dogo lililokuwa kubwa. Miaka mingi nina vile vipele vigumu vya kisogoni, vya kunyolewa, wengi wetu tunavyo. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeuliza kama kovu langu huwa linavimba, wala aliyenitazama bega pale nilipochanjwa utotoni. Mtu mwenye asili ya makovu ya kuvimba anatobolewa matundu 4,500 kama chujio la nazi bila swali hata moja!

Nilivyorudi, ndege nusu yake wanaume wenye vitambaa vyeusi vichwani, vichwa vyekundu kama nyanya masalo, tunaangaliana kwa undugu. Kazini nikasema ajali ya bodaboda. Mama yangu hakuamini ajali. Alinitazama akasema, "Baba yako alikuwa na kipara nikiolewa naye. Wewe umemkosea nani?" Sina jibu mpaka leo.

Miezi minane baada ya kazi, mbele kulikuwa na nywele, ndiyo, nyembamba, zimekaa kama uzio wa miba nje ya kiwanja kisichojengwa. Nyuma ndiyo msiba. Nilikaa kwa kinyozi wangu wa miaka yote, akapitisha mashine namba moja, akaizima. Akaniuliza taratibu, wateja wengine wasisikie, "Kaka, huku panya wamekula?" Kisogo kina madoa meupe mengi, katikati kuna kiraka kikubwa kama kiganja cha mtoto, na pale penye vipele pamefanya makovu magumu. Sasa sinyoi chini ya namba tatu. Yaani nilikwenda nikiwa na tatizo la mbele, nikarudi na matatizo mawili na risiti.

Nikaenda kwa daktari bingwa wa ngozi hapa hapa nyumbani. Tunao, wengine wamepikwa pale hospitali ya KCMC Moshi. Hiyo ndiyo safari niliyotakiwa kuanza nayo, na ingenigharimu chini ya nauli ya kwenda uwanja wa ndege. Alipima, akaniambia nywele za kipilipili kwa kujikunja kwake hufunika ngozi kuliko nywele zilizonyooka, kwa hiyo zinahitajika chache. Kwa eneo langu, grafti 1,800 zingetosha. Elfu moja na mia nane! Zile 2,700 nyingine zilivunwa kwa sababu namba kubwa inapendeza kwenye tangazo.

Nimwongelee na dalali wangu kidogo, nipumue. Siyo Mturuki, ni ndugu yetu wa hapa hapa mjini, anajiita mshauri wa tiba, kwenye picha ya WhatsApp amevaa koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni. Kipimo cha moyo, kwa nywele! Anapata chake kwa kila kichwa. Nilipomtumia picha ya kisogo akanijibu, "Subiri mwaka mzima kaka, ni mchakato." Mwaka ukaisha nikamtumia tena, akasema nywele zangu ndizo zina shida. Zilikuwa na shida hizo hizo siku anapokea dola zangu? Mara ya tatu nikakuta nimezuiwa. Wakuu, mtu akikuita kaka kila sentensi wakati hujawahi kula naye ugali, shika mfuko.

Kwa hiyo nina sharti moja tu, na nitalirudia hata mkichoka: usilipe mpaka uone kisogo. Siyo paji la uso, kisogo. Kiwe cha mtu mwenye nywele za kipilipili, kimenyolewa karibu na ngozi, mwaka mmoja au zaidi baada ya kazi. Na uambiwe kwa jina ni nani alikitoboa, na huyo huyo ndiye atakayekutoboa wewe, uongee naye kwa video kabla ya pesa. Wakikutumia mbele, rudisha. Wakisema ni siri ya mgonjwa, waulize mapaji yao mbona siyo siri. Dalali mmoja nilimfanyia hivyo mwaka jana kwa niaba ya binamu yangu, akatuma video ya hoteli. Ya kifungua kinywa, mkuu. Mayai na zeituni.

Hiyo DHI yako ni kalamu ya kupandia tu. Kutoboa kisogo ni kule kule, kwa hiyo swali ni lile lile: mkono wa nani?

Na harusi ya Desemba, futa hilo wazo kabisa. Zilizopandwa karibu zote hudondoka wiki ya pili hadi ya sita, hiyo ni kawaida, mzizi umebaki. Zinaanza kuchomoza miezi mitatu au minne baada ya kupandwa, zikiwa hovyo. Picha kamili ni baada ya miezi 12, utosini hata 18. Ukienda sasa, Desemba utakuwa na sura mbaya kuliko leo, na picha za harusi hazifutwi, shangazi zako wanazo. Hata zikiota zote hutarudi ulivyokuwa kidato cha nne, daktari anapanga zionekane nyingi, siyo ziwe nyingi. Na mstari wa mbele wakikuchorea chini chini kama wa mtoto, kataa. Nywele zako za asili nyuma ya mstari zitaendelea kukimbia, ubaki na kisiwa. Ndiyo maana daktari wa kweli kwanza atakuongelesha kuhusu dawa za kuzuia, minoksidili au finasteraidi, na madhara yake, ikiwemo kwa wachache mambo ya chumbani. Ukiwa bwana harusi mtarajiwa, hilo muulize uso kwa uso, usiulize huku.

Basi la tatu limefika. Ijumaa huyo jamaa akikupigia mwombe kisogo, halafu rudi hapa utuambie ametuma nini.