Huyo mbu wa mchana si wa malaria
Uliyeuliza kama mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni analeta malaria: hapana, huyo ni Aedes aegypti, wa homa za virusi za dengue na chikungunya. Anayefyonza damu ni jike tu, na ya binadamu ndiyo anayoipenda. Huuma zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, akivizia vifundo vya miguu chini ya meza. Ukimfukuza anahamia kwa aliyekaa pembeni yako kumalizia mlo, ndiyo maana watu kadhaa wa nyumba moja huweza kuugua kwa mpigo. Anataga kwenye mapipa na matairi, mayai yakinata kwenye ukuta wa ndani wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu miezi kadhaa. Kumwaga maji tu hakutoshi, sugua pipa kwa brashi.