Snort kimya, Suricata inapiga kelele: hakikisha kwanza zote mbili zimesoma pakiti

Ndugu yangu uliyeuliza, umeeleza kwamba ulinasa trafiki ya ofisini kwa tcpdump (programu inayonakili pakiti, yaani vipande vya mawasiliano, kwenye faili) ukiwa kwenye seva yenyewe, kisha ukalipitisha faili lile lile kwenye Snort na Suricata, injini mbili zinazokagua pakiti kwa kanuni na kutoa tahadhari ya uvamizi, kila moja ndani ya kontena lake la Docker, yaani sehemu iliyotengwa ya kuendeshea programu. Suricata ikatoa tahadhari kadhaa, Snort haikutoa hata moja, na sasa unataka kujua kama uiache Snort. Usiiache bado. Yalinikuta hayo hayo hapa Tanga, nikatoa hukumu mapema, na nililazimika kuifuta mbele ya mwajiri.

Ofisi niliyokuwa nikiihudumia ni ya wakala wa forodha, mwendo mfupi kutoka bandarini, na mahali pale ukitamka neno kontena bila kufafanua unaulizwa ni la futi 20 au 40. Kulikuwa na kompyuta moja iliyoshukiwa. Nilinasa mawasiliano ya jioni nzima kwenye seva, nikalibeba faili hadi nyumbani Ngamiani na kulisomesha Snort ndani ya Docker. Ilimaliza kazi bila tahadhari yoyote, na asubuhi nikamwambia meneja, kwa kujiamini ambako leo kunanitia haya, kwamba mtandao uko salama. Kilichoniumbua ni Zeek, programu nyingine ya kuchambua mawasiliano ya mtandao, ambayo niliitumia baadaye kwa nia ya kupata orodha ya miunganisho tu. Ilitoa onyo kwamba faili lile yaelekea lina namba batili za uhakiki wa TCP (checksum, namba inayoonyesha kama pakiti imefika nzima), na kwamba huenda chanzo ni kadi ya mtandao.

Siku hizi mfumo wa kompyuta hauikokotoi namba ya uhakiki ya kila pakiti inayotoka, bali huiachia kadi ya mtandao kazi hiyo. Tcpdump iliyo kwenye mashine hiyo hiyo huinakili pakiti kabla haijafika kwenye kadi, kwa hiyo pakiti zinazotoka huhifadhiwa zikiwa na namba isiyo sahihi, ingawa mpokeaji alizipata zikiwa nzima. Injini ya kugundua uvamizi ikikutana na pakiti kama hiyo huiona ni mbovu na kuiruka, na ina haki ya kufanya hivyo, maana mshambuliaji anaweza kupenyeza kwa makusudi pakiti ambazo mpokeaji atazitupa, ili kuivuruga injini peke yake. Snort husimamia ukaguzi huo hadi uiambie `-k none`. Suricata inaposoma faili, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukadiria yenyewe kama namba mbovu zimezidi na kuacha kuzikagua. Zeek ina `-C` kwa kazi hiyo hiyo. Ukizingatia kwamba nawe ulinasia kwenye seva, ningeanzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo la pili ni HOME_NET, mpangilio unaoiambia injini anwani zipi ni za ndani ya mtandao wako (EXTERNAL_NET ni za nje), nalo lilinichukua muda mrefu zaidi. Snort 3 huja na HOME_NET na EXTERNAL_NET zote zikiwa `any` (anwani yoyote), ilhali Suricata huja ikihesabu anwani zote za ndani, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, kuwa ni nyumbani, na zisizokuwemo humo kuwa ni za nje. Ofisi yetu ilitumia anwani za 10, na tawi la Horohoro lilitumia za 192.168. Kwa Suricata pande zote mbili zilikuwa nyumbani, kwa hiyo kila kanuni iliyotaka adui atoke nje kuja ndani ilinyamaza, hata pale kompyuta ya Horohoro ilipokuwa ikigonga milango (port) ya seva yetu mmoja baada ya mwingine. Andika thamani zile zile kwa injini zote mbili, ukizitoa kwenye mtandao ulionaswa, la sivyo unalinganisha mipangilio ukidhani unalinganisha injini.

Tangu wakati ule sisomi matokeo kabla ya jaribio moja dogo. Naandika kanuni inayopiga tahadhari kwa pakiti yoyote ya IP, kwa sid (namba ya kanuni) ya 1000001, na kuendesha kila injini kwa kanuni hiyo peke yake. Zikishapiga zote, natengeneza faili langu: seva ndogo ya wavuti ndani ya kontena, isiyosimba mawasiliano, inayotoa ukurasa wenye maneno `uid=0(root)`, naufungua kwa curl (programu ya kufungua kurasa kwa amri) huku tcpdump ikinasa. Kanuni ya 2100498 kutoka mkusanyiko wa ET Open lazima ipige hapo kwenye Suricata, na kwa Snort 3 naandika kanuni yangu ya maneno hayo hayo, kwa kuwa uandishi wa kanuni zake umetofautiana. Isipopiga, faili la ofisini halina haja ya kufunguliwa.

Kuhusu makontena yenyewe sina mengi. Taja toleo kamili la imeji (kiolezo cha kuundia kontena) badala ya `latest`, funga faili la pakiti kwa kusoma tu, weka `--network none` kwa kuwa hakuna sababu ya injini kutoka nje, na kila injini iwe na folda yake ya matokeo nje ya kontena, kwa maana `--rm`, inayofuta kontena likimaliza kazi, iliwahi kunifutia kazi ya saa mbili. Angalia pia saa. Kontena langu lilikuwa kwenye UTC, iliyo saa tatu nyuma yetu, likaandika 19:00 kwa tukio la saa nne usiku, nami nikaanza kumhoji karani aliyekuwa bado ofisini saa moja.

Usipime kasi kwa njia hii. Faili husomwa kadiri kompyuta inavyoweza na hakuna pakiti inayopotea, tofauti na waya wenye msongamano. Halafu, kama hukupata ruhusa ya maandishi ya kunasa trafiki hiyo, ipate kwanza, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia udukizi wa mawasiliano.

Rudia Snort kwa `-k none` na HOME_NET iliyolingana, kisha lete hapa idadi ya pakiti ambazo kila injini inasema imezisoma.