Jibu: Pirates wamuuze Skenes?

Umeuliza kama Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, wamtoe mrushaji wao Paul Skenes wapate wapigaji, maana hata akirusha yeye timu inafungwa. Hapana, ndugu. Rekodi yake ya 2025, kushinda 10 na kupoteza 10, isikudanganye: aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila ingi 9 (ingi ni zamu ya kila timu kupiga; mechi ina 9) na akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Tatizo liko kwenye gongo, yaani upigaji. Msimu mzima timu ilipata mikimbio (alama) 583 na homurani (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja) 117, ya mwisho ligi nzima kwa yote mawili. Na warushaji siku hizi hawapigi kabisa, sasa angejisaidiaje?

Haraka ya kumuuza pia haipo. Mchezaji huwa huru akitimiza miaka 6 ya utumishi, na siku 172 ndizo mwaka mmoja. Skenes alipandishwa Mei 11, 2024, kwa hiyo siku zisingetosha. Ila alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora, na kanuni ikampa mwaka kamili. Hata hivyo Skenes ni mali yao hadi mwisho wa 2029.

Mpigaji wa kumtazama ni Konnor Griffin, shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu). Mwaka 2025, kijana wa miaka 19, alipita madaraja matatu ya ligi ndogo: wastani wa kupiga .333 (mapigo mazuri 333 kwa kila majaribio 1,000), homurani 21, na besi 65 alizoziiba kwa kukimbia kabla mpira haujapigwa. Lakini pale Altoona, timu ya daraja la juu zaidi alilofika mwaka huo, alicheza mechi chache mno. Ukimfuatilia, homurani weka kando kwanza. Angalia anavyoiacha bila kuipiga mipira ya kona, ile inayopinda na kuangukia nje ya sahani, alama ya chini mbele ya mpigaji.