Miaka 47, kitambi na goti linalolia: jimu, kukimbia au protini ya kopo?

Mkuu, umesema una miaka 47, kilo 84, unakaa kwenye kiti cha ofisi huko Mtumba, Dodoma, kutwa nzima, goti moja linalia ukipanda ngazi, na unauliza uanze na jimu au kukimbia, na kama protini ya kopo, ule unga wa dukani, ni lazima.

Kabla ya yote pima presha, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ikizidi 140/90 kwa siku tofauti, muone daktari huku ukianza kutembea. Ikifika 180/110 usiguse chuma chochote mpaka ishuke. Kama una kisukari na unachoma insulini au unameza glibenklamidi, usifanye mazoezi ukiwa na njaa, sukari itaporomoka.

Sasa, anza na nguvu ya miguu na mgongo. Kukimbia kutakuja baadaye. Kila unapotua ukikimbia, mguu mmoja unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na goti lisilo na paja imara ndilo linalolipa. Jipime hivi: kaa kwenye kiti kigumu, mikono ikumbatie kifua, simama na kukaa kwa sekunde 30, hesabu umesimama mara ngapi. Chini ya 14 huhesabiwa ni hafifu hata kwa mwanaume wa miaka 60 hadi 64. Kwa hiyo wewe ukigota kwenye 12, jibu la jimu au kukimbia unalo.

Hela ya jimu iache kwanza. Kwa miezi mitatu ya mwanzo yanatosha madumu mawili ya lita 10, moja la lita 20, kiti na meza imara. Lita moja ya maji ni kilo moja, huna haja ya kubahatisha. Ila dumu lisilojaa maji huchezacheza na kukuvuta mgongo. Ukitaka uzito wa katikati tia mchanga mkavu, ambao lita moja ni kama kilo moja na nusu, halafu lipeleke kwenye mzani wa dukani.

Skwati ya kiti: rudisha makalio nyuma mpaka yaguse kiti, inuka bila kujirusha, visigino visibanduke chini. Goti likiuma, ongeza mto juu ya kiti usishuke sana. Maumivu yakiwa bado yapo kesho yake, ulizidisha, punguza. Kisha nyanyua dumu la lita 20 kutoka chini, mgongo umenyooka, nguvu itoke makalioni. Kisha shika meza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine vuta dumu la lita 10 hadi kiunoni. Pushapu piga mikono ikiwa juu ya meza. Sakafuni utashuka baadaye. Malizia kwa kubeba madumu mawili hatua 40, mabega nyuma.

Kila zoezi seti tatu za mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili kati ya seti, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Acha ukiwa bado una uwezo wa kurudia mara mbili. Ukifikisha 12 kwenye seti zote, ongeza kilo mbili na urudi kwenye 8. Toa pumzi unapoinua. Ukiibana, presha inaruka palepale.

Wengi wetu tunaharibikia kuanzia wiki ya sita. Misuli imeshaitikia, mtu anajiona kijana, Jumamosi anaingia mechi ya maveterani. Kano hazikui kwa kasi ya misuli. Mtu anachomoka kukimbilia mpira, anasikia kama amepigwa teke nyuma ya kifundo, anageuka, hakuna mtu. Hiyo ni kano ya kisigino imekatika, na rika lenye hatari kubwa ni hili letu la miaka 30 hadi 50. Ukishindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usipelekwe kukandwa. Kinga yake: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa vidole, shuka taratibu kwa kuhesabu mpaka tatu, mara 12, seti tatu. Na kama umetoka kumaliza dozi ya antibaotiki ya cipro, mechi iache kwanza, dawa za jamii hiyo hudhoofisha kano.

Kutembea haraka lenga dakika 150 kwa wiki, kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua na vumbi. Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho linakauka hulioni. Jipime uzito kabla na baada, kila kilo iliyopungua ni kama lita ya maji.

Protini lenga gramu 100 kwa siku. Mayai matatu yana 18, bakuli la maharage 15, kuku au nyama iliyoiva gramu 150 ina kama 40, mtindi nusu lita 16, kiganja cha karanga 7. Tayari uko 96 na hujahesabu ugali wa uwele. Kopo ni la asiye na muda wa kula, basi. Tunachokosea ni kula chai na chapati asubuhi, halafu nyama yote usiku na bia.

Sindano za homoni ya kiume unazoshawishiwa mtaani achana nazo: korodani huacha kuzalisha homoni yake, mbegu hushuka. Kreatini, inayoipa misuli nguvu ya haraka, ndiyo unga pekee ningeutetea, gramu 3 hadi 5 kwa siku, muda wowote. Ila ukienda kupima figo mwambie daktari unaitumia, maana hupandisha kipimo cha kreatinini hata kama figo ni nzima.